Likolo la Nyani Mpaka Chiwanda

Ninyi mnaokuja kunyoa mmeniuliza habari za Ruvuma kila mmoja kwa wakati wake, na kila nikifika katikati mteja anayesubiri anaanza kukohoa. Basi nimeandika yote hapa. Anayetaka kuuliza swali asome kwanza, halafu akae kwenye kiti.

Mnajua mke wangu Restituta ni Mmatengo wa Matiri, huko Mbinga. Mama yake, Mama Skolastika, alikuwa anaishi peke yake tangu baba mkwe afariki, na jambo hilo lilimkosesha Restituta usingizi. Tukakubaliana mama aje akae nasi hapa Dodoma. Chumba tukakipaka rangi, kitanda kikachongwa. Nikatumwa mimi kumchukua, kwa sababu Restituta alikuwa ametoka kujifungua, na kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, mama hawezi kumkatalia mkwe.

Jambo moja mlijue mapema, maana wengine wenu mmekulia mjini. Mimi nimelelewa Kigogo cha zamani. Nyumbani kwa baba yangu mwanamume hatafuni mbele ya mama mkwe. Hata maji huyanywa amempa mgongo. Mama Skolastika sikuwahi kumweleza hilo, kwa kuwa kumsimulia mkwe habari za tumbo lako nako si adabu. Mambo mengi yaliyonipata yalitokana na ukimya huo.

Kitai

Habari za basi la kutoka Dodoma hadi Songea naziruka, kila mtu anazijua. Kitai nilishushwa mvua ikinyesha. Dereva wa bodaboda aliitazama barabara ya kupanda Matiri, akanitazama mimi, akasema tusubiri udongo uache kuteleza. Akalaza kofia usoni, akasinzia.

Nikakaa kibandani kwa mama mmoja aliyekuwa anauza masuku, yale matunda ya porini yenye ganda gumu la kahawia. Sikuwahi kuyaona. Alinipasulia moja, nikalifyonza, nikakuta ni tamu kuliko nilivyotarajia, nikaendelea. Yule mama akanitazama kwa makini. Nilipokuwa nimemaliza sahani nzima akaniuliza kwa upole mbegu naziweka wapi. Nikamwambia nimezimeza. Akaita jirani yake aje anione.

Aliponiuliza naenda wapi nikasema ukweni. Akafikiri kidogo, akasema basi nikifika nisile tena kitu kigumu. Maneno hayo niliyakumbuka sana siku zilizofuata.

Matiri

Mama Skolastika alinipokea kwa furaha. Nikampa shikamoo nikiwa nimeinama, akaniandalia ugali na maharage, akaketi mbele yangu aone ninavyokula. Nikaomba maji ya kunawa. Nikanawa. Nikasifu ugali. Nikauliza hali ya kahawa, hali ya kuku, hali ya padre. Ugali ukapoa. Mwishowe akainuka kwenda kufunga mbuzi, nami nikameza matonge mawili makubwa nusura nisongwe. Aliporudi alikuta nimekaa kimya na machozi yananitoka.

Nikaona ameanza kunitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa.

Jioni nikatoa ujumbe wa Restituta. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema Dodoma atakuja, hana neno, ila kwanza lazima amwone dada yake. Huyo dada, Mama Kandida, aliolewa zamani na Mnyasa, anaishi Chiwanda ufukweni, karibu na mpaka wa Msumbiji. Aliugua homa, akatibiwa, homa ikaisha, lakini akakataa kula. Walikuwa wamepiga simu kutoka huko kusema amegeukia ukutani na amebaki mifupa. Mama Skolastika aliyasema hayo huku anachambua maharage, na mkono wake ulikuwa unatupa yaliyo mazuri na kubakiza mabovu.

Kisha akasema, "Kuna kitu kimoja tu hawezi kukikataa. Kesho asubuhi tunapanda mlimani, mimi na wewe, kutafuta likolo la nyani."

Nikaitikia. Mkwe hakatai. Lakini usiku wangu uliharibika. Nyani nilimwelewa. Nisichokielewa ni likolo, ni kiungo gani cha mwili wake, na je, tulitakiwa kumuua kwanza.

Alfajiri nikaenda kwa jirani kuazima panga na rungu. Nikamwambia tunakwenda kutafuta nyani. Akasema vizuri, mwaka huu yamechipua mengi. Nikadhani Kiswahili ndicho kilichomshinda, maana nyumbani wanasema Kimatengo.

Tukapanda, tukapita mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo ya Wamatengo, tukafika kwenye mteremko uliochomwa moto kabla ya mvua. Mama Skolastika akainama, akaanza kuchuma kitu chini. Mimi nikasimama nyuma yake nikiwa nimeinua panga, nikiutazama msitu. Alipofika mwisho wa mteremko akageuka, akanikuta bado niko pale pale.

"Baba, unamngoja nani?"

"Nyani, mama."

Aliketi chini. Alicheka mpaka akavua kilemba na kujifutia macho. Alipopata pumzi akaniambia likolo kwao ni mboga, tena mboga ya majani, na hii wameipa jina la nyani kwa sababu naye anaipenda. "Shamba ni lake," akasema. "Sisi tunamwibia tu."

Basi nikaweka silaha chini nikafundishwa. Ni chipukizi la ule mmea wenye majani kama manyoya ya ndege, unaojaa kwenye milima iliyoachwa kulimwa. Kichwa chake kimejikunja kama ngumi ya kichanga, na kina vinyweleo vya kahawia. Unachuma kilichofumba tu, unakivunja pale kinapokubali chenyewe. Kilichokwisha kufunguka unakiacha, kina sumu na uchungu. Akanionya kwamba hata kilichofumba hakiliwi kibichi, lazima kichemshwe na majivu na maji yake yamwagwe. Tulijaza gunia la salfeti. Akaifungia ndani kwa majani ya mgomba, akainyunyizia maji, akaibeba kichwani. Nilipotaka kuichukua akasema mgonjwa habebi.

Kushuka Mbinga

Tulipata gari dogo la abiria. Mama Skolastika akakaa mbele kwa dereva. Hatukwenda mbali, nikamsikia anamwambia asimame. Alikuwa ameona uyoga chini ya miti.

Nikajiandaa kuomba radhi kwa abiria. Hapakuwa na haja. Wote walikuwa wameshateremka, dereva akiwa wa kwanza, amebeba ndoo yake. Nikabaki mimi na mzee mmoja aliyempakata jogoo. Mzee alisema yeye uyoga hali, ila mtu akishuka peke yake garini hawa watamwita mvivu, kisha naye akashuka, akaniachia jogoo.

Niliona huu ndio wakati. Nilikuwa na maandazi mfukoni. Nikaenda nyuma ya gari na jogoo kwapani, nikainama, nikaanza kuyashindilia. Mama Skolastika akatokea akiwa na uyoga kwenye kanga. Alichokiona ni mkwe wake ameinama, mkono mdomoni, mabega yanatikisika.

"Anatapika," akawatangazia wote.

Mdomo ukiwa umejaa sikuweza kukana. Nikatikisa kichwa, wakaelewa kwamba hali ni mbaya. Mmoja akasema ni baridi ya milimani. Mwingine akasema watu wa Dodoma hawakuzoea kula, wamezoea ukame. Mzee wa jogoo alichukua jogoo wake na kukaa kiti cha mbali.

Ukafuata ubishi wa uyoga. Dereva alikuwa na mmoja mweupe, mzuri, anaupenda. Mama Skolastika akaugeuza, akauangalia kwa chini, akaunusa, akautupa kwenye mto uliopita kando ya barabara. Dereva akanuna. Akasema bibi yake alikuwa akiula. Mama Skolastika akamuuliza bibi yake alifariki kwa ugonjwa gani, na dereva aliendesha kimya mpaka Mbinga. Basi la Mbamba Bay lilikuwa limeondoka.

Tukalala kwa jamaa zake. Mama alikuwa amechuma mnavu njiani, ule mchungu hasa, akauchemsha bila chumvi akaniletea kikombe cha supu yake. Alisema unafungua hamu ya kula. Kunywa mbele yake sikuweza, kukataa sikuweza. Nikamwambia nitakwenda kuunywa nje huku nikiomba Mungu. Akaguswa sana na dini yangu.

Mbinga hadi Mbamba Bay

Kwenye basi la kesho yake salfeti iliwekwa miguuni, na miguu yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mgeni kama mimi. Barabara inashuka milimani kwa kona baada ya kona, na kila kona salfeti ilikuwa inamwegemea. Ilikuwa na joto, tena inatoa maji. Akaniuliza kwa heshima nimebeba nini.

Nilikuwa najivunia elimu yangu mpya. "Likolo la nyani," nikamwambia.

Akaitazama salfeti. Nikaona anasogeza miguu. Pembeni salfeti ilikuwa imechanika, na kwenye tundu vilikuwa vimetokeza vile vichwa vilivyojikunja, vya kahawia, vyenye vinyweleo. Akavitazama kwa muda. Akainuka, akapita kati ya viti akijishikilia, akaenda kumnong'oneza konda. Naye konda hakuwa mwenyeji.

Gari likasimama kwenye kona. Chini kabisa Ziwa Nyasa lilikuwa linang'aa, nami ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona, lakini sikupata nafasi ya kulitazama. Konda akaja akasema basi lake halibebi nyama ya porini, na kwamba yeye ana watoto, hawezi kufungwa kwa sababu ya vidole vya nyani. Mimi nikaanza kueleza. Kadiri nilivyotaja neno nyani ndivyo watu wa nyuma walivyosimama kuona.

Mama Skolastika alikuwa amesinzia. Alipoamka akakuta konda amenishika mkono. "Mwache mkwe wangu," akasema. "Huoni kwamba ni mgonjwa?" Hakuwa na habari ya kesi yenyewe. Alipoelezwa akafungua salfeti, akatoa konzi moja, akampa konda mkononi.

Basi lote likacheka isipokuwa watatu: konda, mama wa vitenge, na mimi. Kina mama wa pale walishasogea. Wakauliza imechumwa wapi, wakasema hawajaila tangu mwaka jana. Mama Skolastika hajui kunyima. Huyu akampa fungu, yule akampa fungu, na mama wa vitenge, aliyekuwa ametaka nifungwe, akapewa fungu kubwa kuliko wote pamoja na maelekezo ya kupika, ayarudie kwa mdomo mpaka ayashike. Nami nilikuwa naitazama salfeti ya mgonjwa inanywea, na mkwe hamzuii mama mkwe.

Mbamba Bay

Tulikwama hapo. Mvua ilikuwa imejaza mto kwenye njia ya Chiwanda na bodaboda hazipiti. Mama Skolastika alipopapasa salfeti yake akatulia. Bila kuniambia kitu akachukua kanga, akaondoka kuelekea nyuma ya nyumba ya wageni tuliyofikia.

Nilimkuta kwenye mchanga karibu na maji, ameshachuma mchicha mzuri sana, ameufunga. Akaniambia watu wa ziwani ni wavivu, mboga imejiotea mlangoni mwao na hakuna anayeigusa. Nilitaka kusema kwamba imejiotea kwa mistari. Kabla sijapata namna ya kulisema kwa adabu, mwenye bustani akafika na ndoo ya maji ya kumwagilia.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu. Alisalimia kwanza. Kisha akauliza kama mama ameridhika au amkatie na ule wa upande wa pili.

Mama Skolastika aliona haya, lakini kwa namna yake. Akasema kwao bustani ina ukingo, mtu anajua inapoanzia. Mwenye bustani akasema kwao mgeni anapiga hodi. Wakatazamana, kisha yule mwanamke akasema mboga iliyokwisha kuchumwa hairudi shinani, bora iliwe, akatuchukua nyumbani kwake. Akatupikia dagaa wabichi wa ziwani kwa nyanya, na ule mchicha, na ugali wa muhogo. Harufu ile, ndugu zangu, mpaka leo naiota. Nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa nikitazama ziwa. Nilisikia nyuma yangu mwenyeji anauliza mbona mgeni amewapa mgongo, na Mama Skolastika anajibu kwa sauti ya chini kwamba tumbo lake halishiki kitu, anaona aibu.

Niligeuka na sahani tupu. Wakafikiri nimemwaga ziwani.

Chiwanda

Maji yalipopungua tukapanda bodaboda mbili, mama kwenye moja, mimi na salfeti kwenye nyingine. Njia nzima nilimsikia mbele yangu akimwambia kijana wa watu aende polepole, halafu aende haraka.

Kwa Mama Kandida tulimkuta binti yake Bahati, anayeishi naye. Alitupokea kwa kutuonyesha chumba tu. Mgonjwa alikuwa amelala ameelekea ukutani, na kanga iliyomfunika ilikuwa kama imefunika kuni. Mama Skolastika, ambaye tangu Matiri hakuwa amenyamaza isipokuwa usingizini, alisimama mlangoni asiseme kitu. Akaenda akamgusa mgongo. Akamwita kwa Kimatengo. Yule hakugeuka.

Akatoka akaenda moja kwa moja jikoni. Akachuja maji ya majivu, akachemsha likolo, akamwaga yale maji, nami nikapewa kinu nitwange karanga. Bahati alitaka kusaidia, akaambiwa akae. Chakula kilipoiva Mama Skolastika alikipeleka mwenyewe.

Mimi nilisimama mlangoni. Nilimsikia anambembeleza. Alimweleza mlima, mvua, basi, konda, yote. Mwisho akawa anaomba tu. Mama Kandida akasema hana hamu, wamwache. Kisha akageuka kidogo, akaniona.

"Na huyu nani?"

"Mkwe wangu, mume wa Restituta," Mama Skolastika akasema. "Naye ndiyo hivyo. Tangu Matiri hajala kitu."

Mama Kandida akanitazama kwa macho yake makubwa yaliyoingia ndani. "Sasa unanilazimisha mimi mzee, na kijana umemwacha? Akila yeye nitakula."

Nadhani alisema hivyo ili tumwache. Lakini Mama Skolastika alikwisha kunigeukia na sahani, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Nikamkumbuka marehemu baba yangu. Nikamwomba radhi kimoyomoyo. Nikaketi chini mbele ya mama wakwe wawili, uso kwa uso, nikakata tonge, nikachota likolo, nikatafuna.

Lilikuwa chungu. Sijui niseme chungu kama nini. Mnavu ule wa Mbinga ulikuwa asali. Nilijitahidi kuushika uso wangu, lakini uso wa kinyozi umezoea kujiangalia kwenye kioo, haujui kuficha. Jicho moja likafumba lenyewe.

Mama Kandida aliliona. Akajiinua kwa kiwiko, akachovya kidole kwenye sahani, akakilamba.

"Skola. Maji umemwaga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara mbili."

"Mama alikuwa anamwaga mara moja."

"Mama alikuwa anamwaga mara mbili. Ya pili wewe ulikuwa hukai jikoni, ulikuwa unazurura na mbuzi."

Mama Skolastika akasema yeye ndiye aliyekuwa anapika, mwenzake alikuwa anapaka mafuta miguu ili watu wa ziwani wamwone. Mama Kandida akaketi. Akamwambia Bahati amletee kanga ya kujifunga. Bahati alinitazama, mimi nikamtazama Bahati. Wakamshika huku na huku, akatembea mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kutoa amri. Majivu ni mengi. Moto ni mkubwa. Nani ametwanga karanga hizi, zina vipande. Likolo kidogo lililokuwa limebaki salfetini likapikwa upya, maji yakamwagwa mara mbili, mara ya pili yeye mwenyewe akiwa ameshika mfuniko.

Alikula matonge machache. Si mengi. Lakini baada ya kumeza alisema bado karanga zina vipande, akaongeza tonge. Mama Skolastika alikuwa ametoka nje, anasema moshi umemwingia machoni.

Kurudi

Nilikaa nao siku kadhaa. Sasa nilikuwa nimeshatafuna mbele yao, hakukuwa na cha kuficha, nikala dagaa mpaka mkanda ukabana. Mama Skolastika akashangaa nilivyopona ghafla. Ikabidi nimweleze mila ya kwetu, macho yangu yakiwa ardhini. Akaniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo ule mnavu wote uliunywa bure?"

Nikakubali kwamba niliunywa bure. Akasema heshima ya namna hiyo itakuja kuua mtu.

Mama Kandida alikuwa anapata nguvu. Asubuhi waligombana kuhusu uji, mchana kuhusu namna ya kuanika dagaa, jioni kuhusu jina la mtu aliyekufa zamani. Wanawake wa jirani walianza kuja na viti vyao.

Siku ya kuondoka nikafunga mzigo wangu, nikamngoja Mama Skolastika. Alikuja na kikapu cha dagaa wakavu, akaniwekea kwenye bodaboda. Begi lake halikuwepo. Nikamuuliza kwa adabu liko wapi. Akasema liko ndani, kwenye chumba cha dada yake, na kule Matiri kahawa na mbuzi vitaangaliwa na jirani, yule aliyeniazimisha panga.

"Mama, tumekipaka rangi chumba," nikasema.

"Najua, baba. Na mtanitunza vizuri. Wewe utakula umejificha nyuma ya mlango, Restituta atanikataza kushika ufagio, na majirani wote watanipa shikamoo. Huku nina mtu wa kugombana naye. Mwambie mwanangu hivyo hivyo, usipunguze."

Nilipofika hapa Dodoma Restituta alikuja mlangoni na mtoto mkononi, akaangalia nyuma yangu, hakuona mtu. Nikamweleza yote, sikupunguza. Alikaa kitandani kwenye kile chumba kipya akalia kidogo. Kisha akafuta uso, akaniuliza kati ya wale wawili, nani anapaza sauti zaidi.

Nikamwambia, mgonjwa.